Mzani wa Mshale

Miaka kumi na tisa mzani wa mshale
ulitupunja kilo moja na nusu kila gunia.
Nilijua. Ndiye niliyekuwa karani.
Pelajia naye alijua. "Una njaa," alisema,
"lakini ni njaa tunayoifahamu,"
akacheka, akabonyeza kidole gumba daftarini.

Julai wakatuletea mpya kutoka Moshi mjini:
sahani ya chuma, tarakimu nyekundu,
hauna mshale, hauna kule kusitasita
kulikotufanya tushushe pumzi pamoja.

Melkiori akapata hamsini na mbili
pale alipozoea hamsini na nusu.
Hakushukuru. Akalizunguka gunia mara mbili,
akapiga goti kuchungulia chini ya sahani.
"Kinachotoa bure leo, kesho kitadai."

Siku ya nne umeme ukayumba,
Afra akasomewa kilo moja pungufu.
Tukarudia kupima, kilo ikarudi.
Lakini ilikwisha kutoka mlangoni,
ikamtangulia Afra kushuka sokoni Kwa Rafaeli,
na ilipofika kilabuni, kwenye mbege ya Herimena,
lilikuwa gunia zima
limemezwa na mashine
mbele ya macho ya mjane.

Zile nyingine, za miaka kumi na tisa,
hazikupata hata mlevi wa kuzisimulia.

Wakaurudia mshale. Ule mpya tukaufunika turubai.
Nikaandika hesabu ukutani kwa chaki,
safu kwa safu, jumla chini, mistari miwili.
Mtu mmoja aliisogelea:
alitaka kuegemea.

Kisha Jumamosi moja mke wa katekista,
labda kwa haraka ya mvua,
akafunua turubai, akapima, akaondoka.
Jumamosi ya pili foleni ikahama yote
kama maji ya mfongo yaliyofunguliwa juu.
Hesabu yangu bado ilikuwa ukutani.
Hakuna aliyeniuliza.

Sasa kabla sijasoma tarakimu
naigonga sahani kwa ukucha, mara mbili,
kama nilivyokuwa nikiuamsha mshale.
Melkiori asiposikia mlio ule hasemi "andika".
Na siku nikisahau, kalamu yenyewe husita.

Ule wa zamani niliununua kwa bei ya chuma chakavu,
na nikaongeza elfu mbili nilipoona mnunuzi mwingine anauangalia.
Upo jikoni. Napimia maharage.
Unanipunja.
Mke wangu anasema tuutupe;
namwambia huu angalau namjua.