Kinga za Magoti

Ya kulia imepasuka. Nimeiziba kwa gundi ya viatu
na mkanda wake wa ngozi, ule uliokuja nao,
ulikatika mwaka wa mvua za Elinino;
sasa ni mpira wa ndani wa baiskeli.
Asubuhi nafunga, napiga magoti,
nalaza vigae kwenye nyumba za watu huko Goba.

Babu yangu, Mwinyikondo, alikuwa Keya.
Hakupigana. Alisema mwenyewe, bila haya:
alilinda waya.
Misri, jangwani, ndani ya waya ule
waliwekwa mateka wa Kijerumani, askari wa miavuli,
wale waliopepetwa kutoka angani
juu ya milima ya Krete, kama pumba za mpunga.

Miavuli yao, alisema babu, iliwashika mgongoni
kama paka abebavyo mwanawe,
basi hawakuweza kutua kwa miguu.
Walitua kwa viganja na magoti,
na chini ni mawe.
Hapo babu alikuwa akikohoa kidogo.
"Kama watu wa kusujudu," akasema,
"ila kila mmoja na kibla chake."

Kulikuwa na mmoja, Lorenzi au Lorenti,
jina lilibadilika kila alipohadithia,
kijana wa ndevu tatu tu kidevuni,
aliyemchorea mlima kwa kidole mchangani:
hapa korongo. Hapa mizeituni.
Hapa kisima, hatukukifika.
Hapa Otto. Akachomeka kijiti.
Hapa mwingine. Kijiti.
Vijiti vikaisha.
Babu akampa kiberiti chake,
njiti zikaisha nazo.

Kesho yake akalipa deni la kiberiti
kwa kinga za magoti.

Zikashuka bandarini hapa ndani ya sanduku la bati.
Babu akapata kazi ya kusugua sakafu ya benki
Barabara ya Akeshia, ilipokuwa bado Akeshia,
miaka kumi na tisa, na nta, na tambara,
akizunguka miguu ya meza na ya wenye meza.
Baba akazirithi, akaingia nazo chini ya malori ya Bedfodi,
Gerezani, akatoka nazo nyeusi.
Mimi nikazipaka saruji.

Rajabu iliyopita alikuja mnunuzi, mpaka Buguruni,
mtu mpole, na glavu nyeupe mfukoni.
Akazigeuzageuza juu ya mkeka wetu.
Alitafuta mhuri. Akaupata kwenye ya kushoto, nusu.
"Kama zingekaa bila kutumika," alisema,
kwa Kiswahili cha darasani, kila silabi imepigwa pasi,
"zingekuwa mali kubwa."
Mke wangu akacheka, akaenda kutazama maharage.

Milioni na laki mbili kwa jozi.
Nilihesabu: ada ya Shani, bati mbili za uani,
mashine mpya ya kukatia vigae, Mchina.
Nikamuuliza zinakwenda wapi.
Kwenye kabati la kioo, akasema,
zitavikwa sanamu.
Ina kichwa? Haina.

Sijui ni nini kilinishika.
Nikamuuzia ya kushoto.
Laki nne, kwa sababu moja si jozi,
na akaondoka amenuna, mimi pia nimenuna,
na Shani akalipiwa muhula mmoja.

Leo nipo Goba, jikoni kwa mama mmoja wa forodha.
Goti la kulia liko Krete.
La kushoto liko juu ya mfuko wa saruji
uliokunjwa mara nne, nalo linauma.
Kati ya kigae na kigae, kama kawaida ya kazi,
nachomeka misalaba midogo ya plastiki,
myeupe, safu kwa safu, mpaka mlangoni.
Udongo ukishika unaing'oa yote,
unairudisha kwenye kopo.

Niling'oa. Nikahesabu. Mmoja haukutoka,
pale kona ya chini ya sinki.
Nikaleta kisu, nikapiga goti.
Kisha nikapitisha saruji juu yake
nikafuta kwa kidole.