Sehemu ya Kwanza, Kibanda cha Pangisha

Mia tano mlangoni, mtoto wa kupakatwa bure.
Nilikaa kando ya skrini na maikrofoni yangu
iliyofungwa utepe mweusi shingoni,
mimi, Asiku, mfasiri wa sinema,
ambaye sikuwa nimeitazama hata dakika moja:
diski ilifika Arua na basi la usiku
ikiwa bado na joto la begi la kondakta.

Chombo kikatokea. Kikapita juu ya vichwa vyetu
polepole, kirefu, hakiishi,
na benchi la mbele likainama lote
kama mtama upepo ukipita.
Ezama, fundi wa pikipiki, akawa wa kwanza:
"Huko juu hakuna hewa. Huo mngurumo unatoka wapi?"
Akajibiwa gizani: "Kwa jenereta ya Hajati. Nyamaza."
Wakacheka. Lakini tangu hapo
mimi mwenyewe sikujua tena
injini ipi ilikuwa inatubeba.

Candiru wa mihogo aliuliza nani anawapikia.
Watu arobaini, miaka saba njiani,
na hatujaonyeshwa hata mmoja akisugua sufuria!
"Hawa watauawa na njaa," alisema,
"halafu lawama apewe yule mwenye macho matatu."

Vijana wa nyuma walitaka vita.
Walihesabu: dakika ishirini, risasi sifuri.
Mmoja akadai arudishiwe hela.
Nikawaongezea, nakiri, milipuko miwili ya mdomo
na tusi dogo la Kilugbara
ambalo hakuna nahodha wa anga aliyewahi kulijua.

Ladu, yule mtoto aliyetoka Yei na shangazi yake,
aliinua mkono kana kwamba yuko darasani:
"Wakishuka kwenye hiyo sayari,
wataandikishwa wapi?"
Hapo hakuna aliyecheka.
"Foleni itakuwa ndefu," akasema,
akashusha mkono.

Kisha ikafika ile sehemu.
Nahodha, mwanamke mwenye nywele fupi,
anakaa peke yake mbele ya kinasa sauti.
Ujumbe wake utachukua miaka minne kufika kwao.
Akafungua kinywa. Spika ikakwaruza.
Alisema maneno matatu, labda manne,
sikusikia hata moja,
na nyuso zote zikanigeukia mimi.

Kimya cha mfasiri ni deni.
Nikasema:
"Mama, usifunge mlango. Nimechelewa tu."

Sijui niliyatoa wapi.
Candiru aliacha kutafuna.
Hajati Zamzam, aliyesimama mlangoni na kopo la sarafu,
ambaye bintiye alikwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani
na simu yake haijaita tangu Ramadhani ya juzi,
aliliweka kopo chini.
Watu watatu waliochelewa wakaingia bila kulipa.
Hakuwaona.

Petroli ikaisha kabla ya mwisho.
Picha ikanywea ikawa tone, tone likazimika,
na bado hakuna aliyeinuka,
kila mmoja akiimalizia hadithi kwa namna yake,
Ezama akimtengenezea nahodha tangi la akiba.

Wiki nzima mji umekuwa ukinikariri.
Bodaboda aliyelala nje anamwambia mkewe: nimechelewa tu.
Mwanafunzi langoni: nimechelewa tu.
Naye Hajati aliniita pembeni,
hakuniangalia, aliangalia mikono yangu:
"Alisema hivyo kweli?"
"Alisema hivyo."

Nimeirudia kwa visikilizi mara kumi na moja,
nikiwa nimejifungia chooni ili nisikie vizuri.
Alichosema ni hiki:
Msinisubiri. Kuleni.

Ijumaa sehemu ya pili inaingia.
Sijui nahodha atafanya nini humo,
wala nitamfanyia nini mimi.
Jana usiku nilipita kibandani.
Ule mlango ambao miaka yote
hufungwa saa nne kamili kwa kufuli mbili
niliukuta na komeo tu,
nalo halikusukumwa hadi mwisho.