Hema la Juu ya Pikapu

Mugisho amepiga hesabu nyuma ya risiti ya mafuta:
dola elfu moja na mia tisa, gawanya kwa usiku thelathini,
na huo usiku thelathini ni kama tutaishi sana
na kama meneja wa dobi pale hospitalini
atatupa Ijumaa mbili zinazofuatana, jambo ambalo
tangu tuje Missoula halijatokea.

"Bei ya hoteli," anasema, "tena hoteli yenye kunguni."
Nasema, hema tunalo. La dola themanini.
"La chini," anajibu, kana kwamba chini ni tusi.

Chini. Mwaka jana, Ziwa Seeley, mvua ilituingilia
kimyakimya, kama mgeni asiyetaka kuamsha wenyeji.
Tuliamka mkate umekuwa uji.
Na alfajiri jirani akashuka ngazi kutoka juu ya gari lake,
mkavu, soksi nyeupe, kikombe mkononi,
akatuuliza kama tumelala salama.
Tangu siku ile mume wangu hajapona.

Mimi nililala hemani miaka sita
kabla sijajua kwamba kuna watu hulipia.
Lile letu lilikuwa na namba ubavuni, rangi ya buluu,
na asubuhi hakuna aliyelikunja akaenda zake nyumbani.
Sina haja ya kumkumbusha Mugisho.
La kwao lilikuwa safu ya tatu.

Jumamosi tukateremka hadi Hamilton,
milima mkono wa kulia, theluji ya Mei ingali kichwani.
Muuzaji, Verlyn, alikuwa amelifungua tayari uani.
Uzito? Ratili mia moja na arobaini.
Mafuta? Gari litakunywa zaidi kidogo.
Upepo? Akaitazama milima, asijibu.
Dubu? "Dubu hupanda kuliko wewe, mama."
Na saa tisa za usiku, kibofu kikibisha hodi?
Akacheka. Akapiga goti lake lenye bandeji.
"Ndiyo maana nauza."

Nikavua viatu, nikapanda.

Ndani, godoro lilikuwa na mabonde mawili,
moja refu, moja la mtu aliyelala amejikunja.
Darini mtoto fulani alibandika nyota za plastiki,
moja inaning'inia kwa ncha.
Nikafungua zipu ya dirisha. Nikaona paa la Verlyn,
na mpira mwekundu uliokwama kwenye mfereji wa paa,
mpira ambao pengine aliyekuwa akiutafuta
sasa ana ndevu.
Maisha yangu yote nimelala chini ya kitu.
Leo niko juu ya kitu, nacho ni Toyota kuukuu
yenye mlango mmoja usiofungika bila kupigwa teke.

Huko chini wanaume walikuwa wakivutana.
"Elfu moja mia tano."
"Mia nane."
Kimya. Mbwa akajikuna.
"Nsimire," Mugisho akaita, "wasemaje?"
Nikakaa kimya kupita kiasi kinachohitajika.

Niliposhuka goti langu la kushoto lilialika,
Verlyn akaligeukia kama mtu aliyesikia jina lake.
"Tutafikiria," nikasema.
Kwetu hiyo ni hapana iliyooga ikavaa.
Hapa hawajui. Akatushika mikono kwa furaha,
akasema atatuwekea mpaka Jumatano.

Njiani bahasha ilikaa pajani kwangu, nzito vilevile.
Mugisho akawa anahesabu kwa sauti:
gereji ya jengo letu ni futi saba,
pikapu na hema ni saba na nusu, labda matairi
yakipunguzwa upepo, labda tuegeshe barabarani,
labda theluji ikianza tulishushe, na nani atalishusha,
yeye na nani. Tukapita Florence.
Sikuwa nikisikiliza. Miguu ilikuwa baridi,
nikaitazama.

Soksi.

Viatu vyangu vilibaki Hamilton, chini ya ngazi,
sambamba, pua zimeelekea juu.