Moja kwa Sabini na Mbili

Zahran ameiacha ndege haijapakwa rangi.
Mbawa ameshazigandisha, mkia ameupiga msasa
mpaka ukawa laini kama kipande cha sabuni,
na magurudumu ameyafunga kwenye mfuko
alioandika kwa penseli: bado.

Bado. Neno lake la maisha.
Nikimuuliza habari za vita vya Salala, bado.
Nikimuuliza lini tutabadilisha kiyoyozi, bado.
Ameondoka mwezi wa Shaabani
na kiyoyozi kinanguruma vile vile.

Nimetandika gazeti juu ya meza ya kulia,
hapa Mabela, saa nne asubuhi, mapazia yamefungwa.
Kazi yangu ni kupaka hina. Miaka thelathini
nimeshika mikono ya mabiharusi, Sibu hadi Barka.
Najua kubana pumzi mstari unapopinda.
Najua rangi haiharakishwi.
Basi kindege cha plastiki kitanishinda nini?

Kimenishinda.
Rangi hii haina adabu ya hina.
Hina hunywewa na ngozi; hii hukaa juu juu,
kama mgeni aliyekataa kuvua viatu.
Ubavu wa kwanza umetoka na michirizi.
Nimeufuta kwa spiriti, nimeanza tena.

Raya, mjukuu wangu, ananisomea maelekezo:
juu, madoa ya mchanga na udongo,
chini, kijivu kitupu.
“Bibi, mbona chini ni tofauti?”
Ili anayetazama kutoka chini aone mawingu,
na anayetazama kutoka juu aone jangwa.
“Kwa hiyo wanaipaka rangi ili isionekane?”
Nikacheka mpaka brashi ikanitoka.
Mimi umri wangu wote nimepaka ili ionekane.

Kila kitu ni moja kwa sabini na mbili.
Mbawa hazitimii shubiri yangu.
Nikapiga hesabu: Zahran, na urefu wake ule,
angejilaza juu ya kokwa ya tende
na miguu isining'inie.
Na ukungu wa Salala, nao hugawanywa?
Na miaka?

Chini kabisa ya sanduku, kiberiti.
Ndani, kwenye pamba, marubani wawili.
Hawa tu ndio aliowapaka rangi.
Mmoja hana uso, doa tu la waridi.
Wa pili ana masharubu.
Masharubu! Kwenye kichwa kidogo kama mbegu ya bizari,
nywele moja ya brashi, na mkono uliokuwa ukitetemeka
hata kwenye kikombe cha kahawa.

Ndipo nikaukumbuka usiku mmoja wa likizo yake.
Nilikuwa na mimba ya Hilali.
Aliingia, akanawa mikono mara tatu,
mafuta ya injini hayatoki kwa maji,
akakaa mbele ya sahani ya wali
akasema, “Nilimfunga mkanda mwenyewe.”
Sikuuliza nani.
Nilimsogezea mchuzi.
Nilidhani ipo siku atanieleza.

Nimechukua brashi yangu ya ncha za vidole,
ile ya mabiharusi wanaolipa vizuri.
Nimebana pumzi.
Mistari miwili juu ya kifua, mmoja kiunoni.
Mkanda.
Nimemkalisha mwenye masharubu kitini,
na mwenzake ubavuni.
Kioo cha juu sijakigandisha, apate hewa.

Kisha nimeufungua mfuko wa bado.
Magurudumu matatu, gundi tone moja moja,
nikahesabu hadi mia kwa kila mguu,
Raya akihesabu nami, akiruka sitini kila mara.

Imetua.
Mguu mmoja umekaa upande, si uongo.
Ndege imeinama kushoto kidogo,
kama mtu anayetega sikio chumba cha pili.
Raya anataka tuinyooshe.
Iache, nimemwambia. Gundi bado mbichi.