Vifungo vya Koti la Baba

Kaunas, mwezi wa pili. Mtaa unaitwa Kilima Kijani
na leo ni mweupe hadi kizingiti cha duka
la Bi Eufrozina, muuza vifungo.
Chini ya kaunta, palipokuwa na cherehani,
kuna kompyuta kuukuu yenye Linux
inavuma kama friji ya jirani.

Skirmantė amevua glavu moja tu.
Skrini nyeusi. Anaandika amri, anagonga, anangoja.
Seva ya utafutaji inamjibu kwa jeuri:
siendeshwi na mzizi.
Haya. Anaiundia mtumiaji mnyonge,
asiye na funguo za nyumba wala kauli barazani,
na ni mnyonge huyo anayekubaliwa.

Inawaka. Sekunde tisa. Inakufa.
Kwenye daftari la matukio, mstari wa mia nne na ushei:
nafasi moja imezidi kabla ya neno.
Nafasi! Si herufi, si nukta,
ni pale pasipo na kitu.
Anaufuta utupu kwa kidole kimoja.

Inawaka tena. Inadai gigabaiti nne za kumbukumbu;
mashine nzima ina mbili.
"Hata mimi," asema Bi Eufrozina bila kuinua macho,
"siku hizi nagawiwa nusu."
Inakatiwa moja. Inanung'unika, inakula.

Sasa bidhaa. Vifungo elfu kumi na moja,
vya mfupa, vya shaba, vya kioo, vya pembe,
vinaingia kwenye faharasa mia tano mia tano,
kama wanafunzi wanaovushwa barabara,
na hapo ndipo lugha inapogoma.

Kwao kifungo ni saga
(msicheke, enyi wenye mawe ya kusagia),
vikiwa vingi, sagos; ukivihesabu, sagų;
kadogo ka kubembeleza, sagutė.
Na mteja mwenye haraka huandika bila vikia vya herufi.
Seva inawaona wote wageni wasiojuana.
Lazima ifunzwe kukata mwisho, kushika shina,
kujua kwamba huyu na yule wametoka tumbo moja.
Kazi hiyo inakula chakula cha mchana, na mchana wenyewe.

Jioni anafungua orodha ya waliotoka mikono mitupu,
maswali ya mwaka mzima yaliyopata sifuri:
"chekundu kama cheri lakini si cheri,"
"kile cha dirishani, kushoto,"
na moja, mara ishirini na sita,
kila mara baada ya saa nane usiku:
"vifungo vya koti la baba."

Sifuri. Kwa milisekunde nne.

Rangi ina safu yake. Kipenyo kina safu. Matundu yana safu.
"Baba tumweke safu gani?"
Bi Eufrozina anatua kikombe.
"Kwenye visawe. Andika:
baba ni sawa na kahawia, kubwa, matundu manne,
kimoja kimeshonwa kwa uzi usio wake."
Anasema upesi, kama anayesoma risiti.

Skirmantė anaandika. Anasita.
Wa kwake alivaa buluu ya reli, vifungo vya shaba.
Anaweka mkato. Anaongeza shaba.
"Na wa mwingine?" auliza.
"Wa mwingine atauliza mwenyewe.
Mkato ni bure."

Anaizima, anaiwasha upya. Hali: njano, si kijani,
kwa kuwa nakala inataka mashine ya pili ya kulalia
na mashine ya pili haipo, wala haitanunuliwa mwaka huu.
Njano si haba.
Anatafuta glavu yake, anaikuta imekaliwa.

Wanafunga duka, wanashuka polepole, wameshikana viwiko
kwa sababu ya barafu.
Chini ya kaunta taa moja ndogo inakonyeza gizani.
Saa nane bado.