Masizi

Mama alimaliza ujana wake akiyasugua masizi
chini ya masufuria, kwa jivu na kipande cha gunia.
Mimi nimesoma miaka tisa
ili niyarudishe majini.

Yazd, juu ya paa la maabara, saa nne asubuhi.
Minara ya upepo imeachama vinywa vyake vya udongo.
Namimina: maji meusi kama kahawa ya msibani,
na ndani yake chembe ndogo mno, hata
unywele wa Kiumars, kando yao, ni gogo.

Maji matupu hayana ukarimu. Mwanga huyapita
kama mgeni asiyepewa kiti.
Yatie masizi, na kila chembe
huushika mwanga mkono, huuambia: keti.

Saa saba kipimajoto kinasoma nyuzi themanini na nne.
Bomba la jirani, la maji safi, sabini na saba.
Kiumars anapiga kofi, anamtumia mkewe picha.
"Tuongeze," asema. "Chembe zaidi, moto zaidi."
Haba na haba hujaza kibaba, kweli.
Humu, haba na haba huziba bomba:
kufika alasiri pampu inakohoa kama mvuta buruma.

Lakini tatizo lenyewe ni usiku.
Jua likizama, chembe huchoka kuelea.
Hushikana, mbili, kumi, elfu, zikashuka pamoja.
Asubuhi chupa ya dirishani imegawanyika:
juu maji yasiyokumbuka kitu,
chini tope.
Tunazitikisa kwa mawimbi ya sauti isiyosikika;
zinatawanyika, zinaapa hazitashikana tena.
Siku tatu. Nne.

Siku ya kumi na tisa: sabini na tisa.
Mbili tu juu ya maji matupu,
na wafadhili wanafika Jumatatu.
"Waandikie siku ya pili," Kiumars anasema, macho kwenye viatu.
"Siku ya pili si uongo."
Si uongo. Hata picha ya arusi si uongo.

Jioni, kwa Mama, natia mkono kwenye karai.
Tangi lake la paani, maji matupu, mwaka wa kumi na mmoja,
na bado vikombe vinatoa mvuke.
Anaushika mkono wangu, anatazama weusi wa kucha.
"Hata kusugua hawakukufundisha?"

Jumatatu naandika siku zote mbili.
Chupa ya dirishani naiweka mezani, katikati yao,
bila kuitikisa.