Mlio wa Pili

Kengele ya Vaulnoix hugonga saa mara mbili:
ya kwanza kwa walio makini;
dakika mbili zikipita, ya pili,
kwa aliyekuwa akikama, hesabu ikampotea
baina ya sita na saba.

Ndivyo Huguette alivyoelezwa na babaye,
shavu kaliegemeza ubavuni mwa ng'ombe mwekundu.

Siku hizi duka la mkate limepigiliwa mbao.
Mkate watoka mashineni, kando ya ofisi ya meya:
watia sarafu, wadondoka, ungali vuguvugu,
na Huguette huiambia mashine asante,
kisha hutazama huku na huku.

Wageni walionunua nyumba ya daktari wameandika barua:
usiku kengele inyamaze, tafadhali.
Meya Firmin kaisoma mara mbili,
kaikunja, kaiegesha chini ya chupa.

Alfajiri mbichi.
Ukungu umepanda kutoka mtoni,
umemeza ua, umemeza mijozi,
umebakiza paa la zizi lisilo na mnyama.
Huguette yu macho; mto wa pili kitandani
haujabonyea tangu Machi.

Yagonga. Hahesabu.
Aingoja ile nyingine.